Saa Kumi, Isiolo Haikujibu

Redio niliizima mimi. Nimeikana sentensi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeikana mbele ya mama yangu, mbele ya ndugu wa baba yangu, na mbele ya Msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani. Baadaye, nilipogeuka kuwa mtu anayelipwa kwa kuandika, niliikana hata kwa wasomaji wangu, ambao nimewahimiza mara nyingi wakiri makosa yao ili walale vizuri. Mimi mwenyewe sijalala vizuri, lakini makala zilisifiwa. Na kama vile hiyo haitoshi kumchekesha shetani, chuo kikuu nilisomea mawasiliano.

Kilichonifungua kinywa ni kitu kidogo. Nilikuwa nimekuja nyumbani Isiolo kumwona mama, ambaye sisi tunamwita Hooyo. Binti yangu Ifrah, anayesomea uhandisi, aliegemeza simu yake kwenye chupa ya chai ili mimi na bibi yake tutazame wanaanga wakirudi duniani. Hooyo alikuwa akichambua mchele na kutazama kwa jicho moja, kama anavyotazama mambo yote ya Ifrah. Mtangazaji akasema, kwa sauti tulivu ya daktari, kwamba chombo sasa kinaingia kwenye hewa na kwa dakika chache hakitasikika. Sauti ikakatika. Pakabaki ule mvumo wa redio isiyo na mtu.

Ghafla nikasikia harufu ya tindikali ya betri ya gari, harufu ambayo haikuwamo chumbani. Nikatoka nje, nikasimama katikati ya kuku, nikalia. Ifrah alidhani nimeguswa na maendeleo ya sayansi.

Baba yangu, Jama, ambaye tulimwita Aabo, alikuwa dereva wa lori. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza, mmoja wa wale waliomaliza vita vya watu wengine wakaachwa Isiolo, na tangu hapo wanaume wa ukoo wetu wamekuwa wakibeba mizigo ya watu kwenda mahali ambapo barabara huishia. Aabo alipeleka unga, sukari na majani ya chai Garbatulla, Merti, na mbali zaidi, Sericho. Alikuwa mwembamba, mpole, na alinukia dizeli hata siku ya Idi. Shule aliiacha darasa la tano, lakini kila jioni alipokuwa nyumbani alisikiliza idhaa za Kiswahili kutoka nchi za mbali, hasa vipindi vya sayansi. Alichosikia alinieleza mimi, kwa kuwa watu wazima wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kumchoka.

Ndiye aliyenieleza namna watu wanavyorudi kutoka angani. Nakumbuka tulikuwa uani, yeye amechuchumaa kando ya beseni la bati, mkononi ana gololi ya chuma aliyoitoa kwenye bearing ya gurudumu iliyokufa. Aliizungusha gololi ndani ya beseni, ikawa inakimbia kwenye ukingo, ikilia kama nyuki.

"Unaona? Haishuki. Kwa nini?"

"Kwa sababu inakimbia."

"Haya. Na wale wa angani hivyo hivyo. Watu husema wanaelea. Uongo. Wanaanguka. Wanaanguka mchana kutwa, lakini wanakimbia sana, na dunia ni mviringo, kwa hiyo kila wakianguka wanaikosa. Sasa wewe ni dereva, umechoka, unataka nyumbani. Utafanya nini?"

Nikasema nitaelekeza pua chini nikanyage mafuta.

Aabo alicheka hadi akakohoa. "Utazunguka mpaka uzeeke! Ukiongeza mafuta unaenda mbali zaidi. Sikiliza. Wanageuza chombo, kinakwenda kinyumenyume. Halafu wanawasha injini, inasukuma dhidi ya mwendo wao wenyewe. Dakika chache tu. Wanapunguza kidogo, kidogo sana. Basi. Ukipunguza, dunia inakuchukua yenyewe."

Aligusa gololi kwa ncha ya kidole. Ikapungua mbio, ikateremka ukutani mwa beseni, ikazunguka duara dogo, kisha dogo zaidi, mpaka ikatulia katikati.

Nilimwuliza breki ziko wapi. Akasema breki ni hewa. "Hii hewa?" "Hii hii. Toa mkono dirishani lori likikimbia, utaona kama hewa ni kitu cha kucheza." Akaniambia chombo kikiingia hewani kwa kusimama wima sana kitaungua, na kikiingia kwa kulala sana kitaruka tena juu, kama jiwe bapa ukilirusha mtoni. Kuna pembe yake, nyembamba, na dereva asiyeijua hafiki. Mbele kina ngao ambayo kazi yake ni kuungua. Inalika ili walio nyuma yake wasilike, sawa na breki za lori. Mwisho kabisa, kikiwa kimekwisha kuchoka, hufungua miavuli mikubwa na kutua.

Mimi niliyachukua yote haya kama sheria. Aabo alipokuwa akirudi safari aliingiza lori uani kinyumenyume, na mimi nikaona ushahidi: kumbe kila anayerudi nyumbani hurudi hivyo! Kwa wiki nzima nilirudi kutoka madrasa nikitembea mgongo mbele, mpaka nikatumbukia mtaroni na juzuu yangu.

"Wewe msichana, macho yako iko nyuma?" Hooyo alinikaripia akinisugua tope.

"Napunguza mwendo."

"Nitakupunguza mimi."

Lakini kitu nilichokishika kuliko vyote ni kimya. Aabo alisema chombo kinapoingia hewani, moto hukizunguka pande zote na mawimbi ya redio hayapiti. Wale walioko chini huita, huita, hakuna anayejibu.

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanangoja."

"Hawaogopi?"

"Wanaogopa. Lakini kimya kile ndicho kinachowaambia yuko njiani. Angekuwa bado anazunguka huko juu, wangemsikia."

Ile ilikuwa mara yake ya mwisho kunieleza kitu. Kesho yake asubuhi alipakia unga na sukari akaondoka kwenda Sericho. Ulikuwa mwaka wa ukame, na mizigo ya kule ilikuwa mingi.

Wakati ule hakukuwa na simu upande huo wa nchi. Palikuwa na redio koli. Ndugu wa baba yangu, Adeer Nur, alikuwa nayo dukani kwake: sanduku la kijivu, kinasa sauti chenye waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe, na chini ya meza betri ya gari. Sericho palikuwa na sanduku jingine kama hilo, kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja, na aliyekaa nalo ni kijana wa Kiborana aliyeitwa Boru. Miji hii miwili ilizungumza mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, nusu saa, kisha kila upande ukang'oa waya ili kutunza betri. Kila kitu kilipita hapo: bei ya mbuzi, mtoto amezaliwa, mtoto amefariki, mwambie fulani alete dawa ya ngamia. Watu walikaa kwenye magunia wakisubiri zamu yao, na siri haikuwapo. Hata ugomvi wa mume na mke ulisikilizwa na duka zima.

Saa kumi ni wakati wa sala ya Alasiri. Adeer alikuwa mtu wa msikiti, kwa hiyo zamu ya jioni aliniachia mimi, mtoto wa miaka kumi mwenye mwandiko mzuri. Nilifunga koleo nyekundu na nyeusi kwenye betri, nikasubiri mvumo, nikasikiliza, nikaandika kwenye daftari. Nilijiona waziri.

Siku ya tatu ya safari Aabo alikuja mwenyewe hewani. Duka zima lilisikia.

"Hodan, unanipata? Ova."

"Nakupata, Aabo. Umefika? Ova."

"Nimefika. Kesho nageuza. Mwambie mama yako apike. Ova."

Kesho nageuza. Kwa mtu mwingine hayo yalikuwa maneno ya dereva. Kwangu yalikuwa injini inayowashwa.

Kesho yake saa tatu asubuhi Sericho haikusikika. Adeer aliita mara kadhaa, akasema labda betri yao imelala, akaendelea kuuza sukari. Mimi nilifurahi. Kimya kilikuwa kimeanza, kama kilivyotakiwa.

Jioni saa kumi nilikaa kwenye kiti, nikafunga koleo, mvumo ukajaa duka. Siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine. Nilisikiliza kwa muda mfupi. Halafu likanijia wazo ambalo nimeishi nalo tangu hapo: je, Sericho wakijibu? Wakisema Jama yuko hapa, bado anapakia ngozi, maana yake hakugeuza. Angekuwa bado anazunguka kule. Ikiwa kimya ndicho kinachomleta mtu nyumbani, basi sauti yoyote ingemharibia. Sikuwaza kama mtoto mtukutu. Niliwaza kama mtu mwenye wajibu. Niliinama chini ya meza, nikang'oa koleo nyekundu, mvumo ukafa. Nikafunga duka nusu, nikaenda barabarani kumngoja baba yangu, nikitazama upande wa mashariki ili nimwone akija mgongo mbele.

Malori yalipita, hakuna la bluu kama la Aabo. Jua lilipoinama nilirudi, nikafunga koleo tena mahali pake. Adeer akaingia.

"Kuna mtu ameita?"

"Hakuna."

Mwanasheria mzuri angenitetea: halikuwa jibu la uongo.

Uongo ulikuja asubuhi. Saa tatu Adeer aliwasha redio, na kabla hajaita, sauti ya Boru ikaingia ikiwa imekauka. Jama alishikwa na kifua jana asubuhi, hata yeye Boru akaikosa zamu ya redio. Alifariki mchana. Walimzika kabla ya Magharibi. Adeer alikaa juu ya gunia. Hooyo, aliyekuwa amekuja kuulizia kama mumewe ameondoka Sericho ili aweke nyama motoni, alimnyang'anya kinasa sauti akasahau hata kubonyeza kitufe.

"Mlimzika? Bila kutuuliza? Ana wenyewe! Ana watoto!"

Adeer akambonyezea. Hooyo akarudia. Boru akasema, "Mama, niliwauliza. Jana saa kumi niliita. Utingo wake alisema anaweza kuendesha usiku kucha awaletee. Nikaita niwaulize, tumlete ama tumzike. Isiolo haikujibu. Ova."

Wote wawili wakanigeukia. Nakumbuka nzi juu ya mizani.

"Hodan," Adeer alisema, "redio ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Alikuita?"

"Hakuita."

Nikaletewa Msahafu. Nikaweka mkono.

Kwa wasiotufahamu, labda hili ni jambo dogo: mtu amekufa, amezikwa, kwa heshima, na Waislamu wenzake. Lakini makaburini Isiolo wamelala baba yake Aabo na babu yake, yule askari, kwa safu, na nafasi iliyofuata ilikuwa yake. Hooyo hakuuona uso. Kwa miaka yote iliyofuata alisema sentensi moja, kwa wageni, kwa jirani, kwa sufuria: "Walimzika kama mtu asiye na wenyewe." Na kuhusu Boru alisema moja zaidi: mwongo. Alizembea kuita, kisha akasingizia redio yetu. Habari ilienea, maana duka lile halikuwa na siri. Watu wa Isiolo wakaacha kumpa ujumbe. Baada ya muda mwenye stoo akampa mtu mwingine kazi ile.

Alikuja mara moja. Miezi michache baadaye alileta mbuzi mnadani, akafika mlangoni kwetu, kijana mrefu amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Hooyo hakumkaribisha ndani. Nilikuwa nyuma ya pazia.

"Mama, wallahi niliita."

"Binti yangu alikuwa amekaa hapo. Mtoto hana sababu ya kusema uongo. Wewe unayo."

Alisimama juani kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, kana kwamba anangoja mtu atoke nyuma ya pazia. Sikutoka. Hiyo ndiyo mara ya pili niliyoizima redio, na mara hiyo sikuwa na sayansi ya anga ya kujitetea nayo.

Nilipokua nilijijengea kibanda cha kujificha. Nilijiambia: labda Hooyo ana haki. Labda Boru kweli hakuita. Kama hakuita, basi nilizima redio isiyokuwa na kitu, na uongo wangu haukumdhuru mtu ila mwongo mwenzangu. Ni ajabu jinsi elimu inavyosaidia hapo. Nilijifunza chuoni kwamba ujumbe usiopokelewa si mawasiliano, nikapata alama nzuri kwa kuueleza.

Basi, nilikuwa nimesimama katikati ya kuku. Ndani Ifrah akapiga kelele ya furaha. Miavuli ilikuwa imefunguka. Nikarudi ndani, nikaketi chini mbele ya Hooyo, nikasema kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili ili Ifrah naye asikie, kwamba redio niliizima mimi. Nilieleza yote: gololi, kimya, koleo nyekundu, barabarani.

Hooyo aliendelea kuchambua mchele. Alitoa jiwe dogo, akaliweka ukingoni mwa ungo. Akatoa jingine. Adhuhuri ikapita, akasali Alasiri, akakunja mkeka.

"Tafuta namba ya Boru."

"Hooyo, hatujui hata kama yu hai."

"Yu hai. Watu wa Sericho huniletea habari zake hata nisipowauliza."

Ifrah aliipata kwa dalali wa ng'ombe katika muda wa kunywa chai. Siku hizi mtandao unafika kule. Nikapiga, nikaweka sauti ya wazi, simu ikiwa juu ya mkeka kati yangu na mama yangu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Ni nani?" Sauti ilikuwa ya mzee.

"Hodan. Mtoto wa Jama, dereva."

Nilisikia mbuzi kwa mbali. "Jama ya lori ya bluu."

"Huyo."

"Unataka nini, mtoto wa Jama?"

"Nataka kukuuliza, mzee. Siku ile uliita?"

"Leo ndiyo unauliza." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma saa. "Niliita. Nilisema Isiolo, Isiolo, hii ni Sericho. Nikangoja. Nikasema tena. Niliita mpaka mwenye stoo akasema Boru, wewe utamaliza betri. Nikaita tena. Halafu nikatoka nikaambia wazee, Isiolo haijibu. Wakasema jua inaenda."

"Mzee, redio niliizima mimi. Uliita, na mimi nilikuwa nimeizima. Halafu nikaapa."

Hooyo alikuwa akitazama simu, si mimi.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi."

"Kumi," alisema. Nikasikia akiketi juu ya kitu. "Mimi nilikuwa na ishirini na mbili. Nilifikiri redio yetu ilikuwa mbovu, ni fundi wake aliniharibia maisha. Nilimtukana huyo fundi miaka mingi sana. Na amekufa."

Hooyo alichukua simu kutoka kwenye mkeka.

"Boru. Ni mama Hodan."

"Sauti yako naijua."

"Ulikuja kwangu nikakuacha juani."

"Jua nimezoea."

"Nilikuita mwongo."

"Uliniita." Hakusema haidhuru, na naamini Hooyo alimheshimu kwa hilo. Kisha Hooyo akauliza swali ambalo sikujua kama alikuwa nalo.

"Nani alimwosha?"

"Mimi. Na mzee wa msikiti, na utingo wake."

"Na maji? Mwaka ule Sericho hakukuwa na maji. Nimejiuliza siku zote mlimwosha kwa kitu gani. Nilifikiri labda mchanga."

"Mchanga? Hapana, mama." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Kila nyumba ilileta kikombe. Mwenye watoto wengi alileta nusu. Walikuja kwa mstari, wakamimina kwa debe mpaka ikajaa. Tulimwosha mara tatu, kamili. Jioni ile hakuna nyumba ilipika chai."

Hooyo aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso.

"Nitajie hizo nyumba," alisema. Na Boru, polepole, akianzia upande wa msikiti, akaanza kuzitaja.